Insha Iliyoleta Malori Mlangoni Kwangu

Vijana wangu wa darasa la mwisho, mwalimu wenu amenipigia simu mara tatu akitaka niwaandikie jinsi ya kutunga insha ya kushawishi juu ya jambo linalovuma katika habari. Anasema nina uzoefu. Kweli ninao. Miaka mingi niliandika maoni ya asubuhi katika radio ndogo ya hapa Likasi, dakika nne kila siku isipokuwa Jumapili, na kazi yangu ilikuwa kuwafanya watu wakubaliane nami kabla hawajamaliza chai. Nilifaulu mara nyingi. Mara moja nilifaulu kupita kiasi, na hiyo ndiyo nitakayowasimulia kwa urefu, kwa sababu mliyoshindwa mnayakumbuka wenyewe bila kufundishwa.

Nitaandika Kiswahili cha vitabu ili mwalimu wenu asije akasema nimezeeka vibaya. Lakini watu nitawaacha waongee cha kwetu. Sijawahi kumsikia mtu wa Likasi akikasirika kwa Kiswahili cha vitabu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Papa Mwepu. Kabla ya kuwa mkubwa wetu pale radioni alikuwa karani katika karakana za mgodi, mtaa wa Panda, na kazi yake kule ilikuwa kuandika taarifa za ajali: fulani amevunjika kidole, saa fulani, kwa mashine fulani, kinga ilikuwa imeondolewa. Miaka kumi na kitu ya kuandika vidole vya watu ilimfanya achukie sifa na mapambo. Ukimpelekea karatasi yenye maneno kama "kwa kweli inasikitisha sana", alikuuliza kwa upole inasikitisha kiasi gani, kidole kimoja au mkono mzima.

Insha yangu ya kwanza ilihusu kukatika kwa umeme. Niliianza hivi: "Kila mtu anajua kwamba umeme ni uhai." Niliipenda sana. Papa Mwepu aliisoma, akavua miwani, akaniangalia.

"Mama Odile," akasema, "kama kila mutu anajua, tuzime radio, tuende kula."

Nikaenda kuiandika upya. Safari hii nikamweka ndani mama mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa na friji iliyojaa nyama ya matanga, umeme ukakatika siku mbili, akalazimika kuwaomba radhi wafiwa kwa sababu ya harufu. Watu walicheka, kisha wakakasirika, na hiyo ndiyo njia nzuri ya kukasirika, kwa sababu mtu aliyecheka kwanza hasahau. Tangu hapo nimejua kwamba shahidi mmoja mwenye friji anamzidi profesa mwenye maneno mengi.

Kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi. Wakati ule habari zilikuwa zimejaa wachimbaji waliokuwa wakiingia Shinkolobwe kwa siri ingawa mgodi ule umefungwa na kila mtu anajua kwamba ardhini kuna urani. (Mnaona? Nimeandika tena "kila mtu anajua". Ugonjwa huu hauponi.) Niliandika kwamba watu wale wanasukumwa na tamaa. Siku ya pili akaja mmoja wao ofisini. Aligonga mlango, akafuta miguu, akakaa kitini kama mtu aliyekuja kuposa.

"Njo weye ulisema siye tuko na tamaa?"

"Njo minye," nikajibu, nikitafuta kwa macho mlango wa nyuma, ambao ofisi yetu haikuwa nao.

"Asubuyi ulikula nini, mama?"

"Mukate na chai."

"Minye nilikuwa natafuta ile mukate tu," akasema. Akaniaga kwa heshima, akaenda zake.

Papa Mwepu, aliyekuwa amejifanya anatafuta kitu kwenye droo muda wote ule, akaniuliza, "Ile insha uliandikia nani?" Nikasema niliwaandikia wachimbaji, ili waache. "Basi," akasema, "mutu ya kwanza uliyetaka akusikie, njo uliyetukana ku mustari wa kwanza." Baada ya hapo akanitungia sheria moja. Kila karatasi yangu ya maoni lazima iwe na ukurasa wa nyuma. Mbele naandika ninachotaka kusema. Nyuma naandika angesema nini mtu anayenipinga, na niandike vizuri kama vile nalipwa na yeye. Ukurasa wa nyuma hausomwi radioni. Ni wa kwako, wa kukuaibisha ukiwa peke yako, kabla hujaaibishwa mbele ya watu.

Niliifuata sheria ile miaka mingi. Siku niliyoiacha ndiyo siku ya malori.

Mnayajua malori. Ninyi mmekua nayo. Lakini zamani yalikuwa machache, kisha yakaanza kuongezeka kila mwaka, yakibeba madini kwenda na asidi kurudi, na yote yakipita katikati ya mji, kando ya soko, kwa sababu barabara nzuri ilikuwa hiyo. Siku moja lori likakatika breki kwenye mteremko wa karibu na soko. Dereva alijitahidi, akaligongesha kwenye ukuta badala ya watu, na mapipa mawili yakaanguka. Asidi ikatiririka mtaroni hadi pale akina mama wanapouza samaki wakavu.

Mmoja wao alikuwa Mama Kapinga. Nilimjua kwa sababu nilinunua samaki kwake kila Jumamosi, naye alinijua kwa sababu nilikuwa mtu wa kubishana bei kwa sauti ya radio. Aliruka mtaro kumvuta mwenzake, mguu wa kushoto ukaingia. Nilipomkuta hospitali mguu ulikuwa umefungwa bendeji hadi gotini. Uso wake ulikuwa umekauka, macho tu ndiyo yalikuwa yakitembea.

"Weye unasemaka ku radio kila siku," akaniambia. "Unasemaka juu ya moto, juu ya mayi, juu ya bei ya unga. Sasa sema."

Sikurudi ofisini. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikaandika pale pale, juu ya goti. Vijana wangu, sijawahi kuandika vizuri vile. Nilianza na mguu. Sikutumia sifa hata moja. Niliandika mteremko una urefu gani, akina mama wanakaa hatua ngapi kutoka barabarani, na watoto wangapi wanawasaidia kupanga samaki baada ya shule. Kisha nikaandika ombi langu kwa maneno machache ambayo mtu wa ofisi angeweza kuyatimiza: malori yatolewe katikati ya mji, yapitishwe njia ya pembeni. Nikarudia mara tatu mwishoni: njia ya pembeni, njia ya pembeni, njia ya pembeni. Ilikuwa kama wimbo.

Ukurasa wa nyuma sikuuandika. Papa Mwepu alikuwa ameshastaafu kwa sababu ya macho, na mkubwa mpya alikuwa kijana aliyeamini kwamba karatasi ina upande mmoja. Tena angenipinga nani? Nani angesimama kuutetea ule mtaro wa asidi?

Insha ikasomwa asubuhi, ikarudiwa mchana, ikarudiwa jioni. Siku hizo simu zilikuwa zimeanza kurekodi, na sauti yangu ikazunguka mji kuliko basi lolote. Makanisani ikasemwa. Wenye maduka karibu na soko, pamoja na wazee wa Kiislamu ambao kwa kawaida hawapendi makelele, wakatia sahihi barua. Mwanamke mmoja alinisimamisha njiani akanishika mkono. Nikaanza kutembea polepole kidogo barabarani, ili watu wapate nafasi ya kunitambua.

Baada ya wiki tano ofisi inayohusika na barabara ikatoa amri. Malori hayatapita tena sokoni. Yatapita njia ya pembeni. Walitumia maneno yangu yenyewe. Niliikata ile amri gazetini nikaibandika ukutani sebuleni.

Siku tatu baadaye, nikiwa bado na kanga, nikasikia dirisha la sebule linatetemeka. Nikafikiri ni mlipuko wa mgodini. Ile amri ukutani ikadondoka. Nikafungua mlango, na mbele ya uzio wangu lilikuwa linapita lori, na nyuma yake lingine, na nyuma yake mengine, mpaka kona.

Niwaeleze mambo ya barabara, maana mimi sikujieleza kwa wakati. Nilipoandika "pembeni" nilikuwa nafikiria ile barabara ya zamani inayozunguka kwa nyuma, mbali na nyumba. Sikwenda kuitazama. Ningekwenda, ningeona kwamba daraja lake lilikuwa limeshaanguka na watoto walikuwa wakiogelea pale palipokuwa na nguzo. Watu wa ofisi walikwenda. Wakaona daraja halipo, wakafungua ramani, wakatafuta njia nyingine yoyote isiyopita sokoni. Ilikuwapo moja tu. Ilipita katikati ya kambi za zamani za wafanyakazi kule Panda, mbele ya shule ya msingi, na mbele ya nyumba yangu. Nilikuwa nimeishi pembeni miaka ishirini na sita bila kujua.

Jirani yangu wa ng'ambo, Papa Ngoie, mzee aliyestaafu kiwandani, alikuja asubuhi ile na vumbi kwenye nyusi.

"Mama Odile, tulikusikia ku radio. Ulisema muzuri sana. Sasa kuya inje, uone ile ulisema."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Malori yalipita hasa asubuhi, na yalipita mbio, saa ile ile watoto wanaenda shule. Wiki ya pili mjukuu wa Papa Ngoie, msichana wa miaka saba aitwaye Bibiche, alikuwa anavuka. Lori la kwanza likapita, akadhani limekwisha, akaingia barabarani, na la pili likatoka ndani ya vumbi la lile la kwanza. Mimi nilikuwa langoni. Niliona nguo ya bluu, kisha nikaona lori, kisha sikuona kitu. Nikasikia breki. Vumbi lilipotulia, mtoto alikuwa amekaa ukingoni upande wa pili, miguu imenyooka mbele kama mtu aliyekuja kupumzika, na begi lake lilikuwa chini ya gurudumu. Ni mimi niliyelivuta. Ndani mlikuwa na daftari lililobanwa likawa jembamba kama karatasi moja, na kipande cha mkate. Bibiche aliuliza kitu kimoja tu, kama mwalimu atamwamini.

Siku ile sikuandika chochote. Nilikwenda kwa Papa Mwepu.

Alikuwa amekaa ndani na radio yake ndogo, macho yameingia ukungu, lakini masikio yalikuwa mazima. Nilimsimulia yote. Aliniacha nimalize.

"Ukurasa ya nyuma iko wapi?"

"Sikuandika."

"Juu ya nini hukuandika?"

"Nilikuwa na kasirani, Papa."

"Kasirani njo inaandikaka muzuri sana," akasema. "Njo mubaya yake. Sasa utaandika nini?"

Nikamwambia nitaandika dhidi ya madereva. Wanaendesha kama wendawazimu, wanapita saa ya watoto, hawajali.

"Uliwauliza?"

"Kuuliza nini?"

"Juu ya nini banakimbia."

Sikuwa nimewauliza. Katika miaka yote ya kuandika juu ya malori sikuwahi kuongea na dereva wa lori hata mmoja, isipokuwa kwa mikono, kutoka langoni kwangu, na ishara zile siwezi kuwaandikia ninyi.

Siku ya pili nikaenda kule wanakopumzika, kwenye vibanda vya chai karibu na njia ya Kamatanda. Walinitambua kwa sauti. Wawili wakahama meza. Mmoja akabaki, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma, jina lake Saidi, mzaliwa wa hapa hapa Likasi, wazazi wake walitoka Maniema. Alisukuma kiti kwa mguu nikae.

"Mama wa njia ya pembeni," akasema. "Karibu pembeni."

Nikamwuliza mbona wanakimbia asubuhi. Alikunywa chai yake kwanza.

"Weye unazania siye tunapenda kupita mbio kwa batoto? Minye pia niko na batoto ine. Ile avenue yenu iko mubaya, iko na bishimo, iko na miti inakamata kioo. Tunakimbia juu ya numero."

"Numero gani?"

"Ku mulango wa kiwanda. Banafungula asubuyi sana, banatoa numero. Wa kwanza anapakia leo. Wa nyuma analala pale, siku moja, siku mbili, mu gari. Sasa weye ungefanya nini? Ungepita polepole na kusalimia batu?"

Niliona wazi ningefanya nini. Ningekimbia kuliko yeye.

"Na kama ule mulango ungefunguliwa wakati batoto baliisha kuingia ku masomo?" nikamwuliza.

Saidi aliweka kikombe chini. "Hakuna mutu alituuliza ile," akasema. "Basi siye wote tungelala kwanza, tungefika pamoya."

Angalieni, vijana. Nilikuwa nimeandika kuhusu barabara, na ofisi ilikuwa imeandika kuhusu barabara, na wakazi wa Panda walikuwa wanapiga kelele kuhusu barabara. Tatizo lilikuwa saa ya kufungua mlango. Mimi nimekula mkate wa kazi hii nusu ya maisha yangu, na aliyenionyesha ni mtu niliyekuja kumlaumu, kwa kikombe kimoja cha chai, tena alilipa yeye.

Nikaandika insha ya pili. Niliianza na ukurasa wa nyuma. Niliandika kwa niaba ya akina mama wa sokoni, kwamba malori yasirudi kwao. Kwa niaba ya madereva, kuhusu numero. Hata kwa niaba ya kiwanda, kwamba hakiwezi kusimamisha kazi. Ukurasa wa nyuma ukawa mrefu kuliko wa mbele. Huu wa mbele ulikuwa mfupi: malori yangoje kwenye uwanja mtupu nje ya mji mpaka saa tatu asubuhi, watoto wakiwa ndani, na numero zitolewe pale pale uwanjani ili asiwepo wa kumkimbilia mwenzake. Haikuwa na wimbo. Hakuna aliyenisimamisha njiani kunishika mkono. Ila ofisi iliitisha mkutano katika ukumbi wa parokia, na nikaitwa kuongea.

Ukumbi ulijaa. Upande mmoja walikaa watu wa Panda, Papa Ngoie mbele kabisa na Bibiche mapajani. Upande wa pili walikaa akina mama wa soko, na katikati yao Mama Kapinga na fimbo. Mguu ulikuwa umepona kwa kiasi ambacho ungepona. Nilimpungia mkono. Hakunipungia.

Nikasimama nikaongea. Nilipomaliza, bwana wa ofisi, mtu mpole mwenye suti ya kijivu, akafungua jalada lake.

"Mama Odile ni mtu anayejua kusema," akaanza. "Mimi sijui kusema. Kwa hiyo nitasoma tu yaliyoandikwa na mwandishi mmoja, ambaye aliieleza shida hii kuliko mimi."

Akasoma. Mstari wa kwanza nikajua ni nini. Ulikuwa mguu wa Mama Kapinga. Bwana yule alikuwa na sauti nzuri ya chini, alijua pa kupumua, na hakukimbia mteremko. Alisoma hatua kutoka barabarani. Alisoma watoto wanaopanga samaki. Alipofika kwenye "njia ya pembeni, njia ya pembeni, njia ya pembeni", akina mama wa soko wakaitikia naye kama kanisani, kisha makofi yakapigwa mpaka mapazia yakacheza. Mama Kapinga alisimama kwa fimbo yake ili apige makofi vizuri. Sijawahi kusomwa vizuri namna ile, na Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilisikia raha.

Kisha nikaona watu wote wananitazama.

"Muna jibu?" bwana wa ofisi akaniuliza, kwa adabu.

Ningeweza kusema insha ile ilieleweka vibaya. Waandishi tunalipenda sana neno hilo. Lakini haikueleweka vibaya. Ilieleweka sawasawa, na mwenye kosa nilikuwa mimi. Nikashika kiti cha mbele yangu.

"Ule mwandishi namujua," nikasema. "Aliandika kweli juu ya mguu. Ile yote ni kweli, na asidi isirudie ku soko hata siku moja. Lakini aliposema 'pembeni' hakuenda kuangalia kama kule kuko batu. Hakuuliza dereva hata mumoja. Aliandika ku benchi ya hospitali na kasirani, na alipenda sana sauti yake. Kosa ni yake. Batoto ba Panda basiilipie."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. Bwana wa ofisi akafunga jalada taratibu, na nadhani hata yeye alinihurumia.

Mama Kapinga ndiye aliyeongea. Hakuketi.

"Odile, unataka bairudishe ku soko?"

"Hapana."

"Unaapa?"

"Naapa."

"Sasa unataka nini? Sema kidogo kidogo, weye unasemaka mingi."

Nikasema kidogo kidogo. Saa tatu. Uwanja. Numero. Kisha nikamwomba Saidi, aliyekuwa amesimama mlangoni na wenzake watatu kama watu walio tayari kukimbia, aeleze mambo ya numero. Alivua kofia akaeleza. Alieleza vizuri kuliko mimi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akilala ndani ya lori. Alipomaliza Mama Kapinga alimtazama muda mrefu. Nikaogopa. Alikuwa na haki ya kumchukia dereva yeyote.

"Unalala mu gari siku mbili?" akamwuliza.

"Wakati ingine tatu, mama."

"Na unakula nini?"

"Samaki," Saidi akasema. "Ya ku soko. Kama nilipata."

Mama Kapinga akaketi. "Batoe ile numero kule ku kiwanja," akamwambia bwana wa ofisi. "Na minye nitauzisha samaki pale."

Msidhani mambo yalikwisha pale. Barua ilikaa ofisini wiki nyingi, ikarudi mara mbili kwa kukosa muhuri, na kiwanda kilitaka kujua uwanja ni wa nani kabla hakijakubali kwamba upo. Tulikwenda, tukarudi, tukakaa kwenye mabenchi. Papa Ngoie alijenga tuta la mchanga mbele ya shule kwa mikono yake, likabomolewa, akalijenga tena. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo hakuna insha inayolisema: karatasi ikishasomwa radioni kazi ndiyo kwanza inaanza, na sehemu iliyobaki ni ya kuvaa viatu.

Ninyi mna bahati kuliko sisi, na pia hamna. Mimi niliandika kwa mashine iliyokosa herufi moja, nikawa naijaza kwa kalamu. Ninyi mna simu inayowaandikia insha nzima kabla maji hayajachemka. Nimeziona. Mjukuu wangu alinionyesha moja juu ya malori. Haikuwa na kosa hata moja. Ilipendekeza, kwa Kifaransa kizuri sana, malori yapitishwe njia ya pembeni.

Kwa hiyo mwalimu wenu akiwapa jambo la kwenye habari, kabla ya kuandika tokeni mkaione barabara yenyewe. Mtafuteni mtu mnayetaka kumlaumu, mkae naye mpaka chai yake ipoe. Insha ikitoka nzuri mno, ikawafanya mtembee polepole ili watu wawatambue, irudieni.

Amri mpya ilianza Jumatatu moja. Niliamka mapema, nikavaa, nikatoka langoni. Papa Ngoie alikuwa tayari ng'ambo, mikono nyuma. Barabara ilikuwa tupu. Watoto walianza kupita, kwanza kwa woga, wakikimbia kama walivyozoea, kisha wakaona hakuna kitu, wakaanza kutembea. Bibiche alipita katikati kabisa ya barabara, na begi jipya, bila kutazama upande wowote, nikataka kumgombeza nikashindwa.

Ndipo nikasikia injini. Lori moja lilikuwa limetangulia wenzake. Lakini lilipofika kwenye uzio wangu likasimama kando, likazimwa, na dereva akateremsha kioo. Kijana, simjui, uso wa usingizi.

"Yambo, mama."

"Yambo, baba. Unangojea nini?"

"Batoto baingie ku masomo. Njo amri mupya. Nilipita ku kiwanja bila kujua, benzangu banipigia simu, banasema ningojee hapa."

"Na nani alileta ile amri?"

"Banasema kuko mama moja wa ku radio." Akatingisha kichwa. "Banasema eko mukali, eko na mudomo murefu, anasumbua batu kila asubuyi. Unamujua?"

"Namujua kidogo," nikasema. "Wakati ingine anakosaka."

"Leo hakukosa," akasema yule kijana, akiwaangalia watoto wanaopita chini ya taa za lori lake. "Lakini angenipatia hata kahawa."

Nikaingia ndani nikaweka maji motoni. Alikunywa vikombe viwili, na kwa vyote viwili aliendelea kumsema yule mama.